Harufu ya Maji Taka Ndani ya Nyumba ya Zamani

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: harufu ya maji taka ndani ya nyumba. Mnaoishi katika nyumba za zamani, kama zile za Eastlands jijini Nairobi zilizojengwa kabla ya uhuru, mnaijua. Unasugua choo, unamwaga dawa, na baada ya saa moja imerudi. Si uchafu wako, mama.

Chini ya sinki, bomba limepinda kama shingo ya bata. Hapo hubaki maji kidogo, kama sentimita 5 hivi, nayo ndiyo huzuia gesi ya maji taka isipande. Tundu la sakafuni bafuni nalo hufanya kazi vivyo hivyo. Wakati wa mgao wa maji, tundu lisilotumika hukauka. Basi kabla ya kumwita fundi, mwaga jagi la maji katika kila tundu, hata lile la bafu mliloligeuza stoo. Maji ya kusuuzia nguo yanatosha. Mara nyingi harufu huisha bila kutoa hata shilingi.

Ikirudi upesi, sikiliza unapovuta maji ya choo. Sinki likikoroma, huenda bomba la hewa linalotokea juu ya paa limezibwa na majani au kiota cha ndege. Fundi alizibue, kisha atazame simiti iliyopasuka chini ya choo.

Harufu peke yake haileti homa ya matumbo, ingawa huumiza kichwa na kuleta kichefuchefu. Ninachohofia mimi ni bomba la udongo lililopasuliwa na mizizi ya miti. Utaona ardhi imelowa, nyasi zimenawiri mahali pamoja. Bomba la maji ya kunywa likipita hapo likiwa na tundu, siku ya mgao huweza kuvuta uchafu ndani. Mwarifu mwenye nyumba, na maji ya mtoto yachemshwe mpaka yatokote, hata yakionekana safi.

Usichanganye kamwe Jik na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Na mtu asishuke ndani ya menholi. Gesi ya humo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi pua haiisikii tena. Mtu huanguka, na anayemfuata kumwokoa huanguka pia. Kama mfuniko umeibiwa, funika shimo kwa ubao mzito leo hii, kabla watoto hawajatoka shule.