Volti 1 ao 1,2? Hesabu ndogo inayosumbua wapiga sintetiza tangu miaka ya 1960

Mtu wa Goma ao Bukavu aliyewahi kuletewa mashini kutoka Marekani anajua somo hili: mashini ya volti 110 ikichomekwa moja kwa moja kwenye prizi ya volti 220, inaungua. Lazima transfo ikae katikati. Katika muziki wa umeme kuna tatizo la namna hiyo, ila mara nyingi moshi hautoki. Kinachoharibika ni nota.

Vyombo vinavyohusika ni sintetiza za analogi, hasa zile zinazotengenezwa na mafundi wadogo, kwa idadi ndogo. Chombo cha aina hii ni kundi la visanduku: kimoja kinazaa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinaamua idumu muda gani. Mpigaji ndiye anayeviunganisha kwa nyaya, na ndani ya nyaya hizo kunapita umeme mdogo wa volti chache tu. Volti ikipanda, nota nayo inapanda. Lakini ipande kwa kiasi gani ili nota ifike oktava ya juu? Hapo ndipo mafundi walipoachana njia.

Mafundi wawili, hesabu mbili

Mwaka wa 1964, katika jimbo la New York, Robert Moog alitengeneza mashini zake za kwanza akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ukiongeza volti 1, nota inapanda oktava moja. Mashini yake ilipigwa kwa klavie kama ya piano. Mwaka wa 1968 Wendy Carlos aliitumia kurekodi muziki wa Bach katika albamu Switched-On Bach, iliyouzwa sana. Kwa kazi kama hiyo, kila nota ilipaswa kukaa mahali pake.

Katika miaka hiyohiyo, huko California, Don Buchla alikuwa akiwatengenezea chombo Morton Subotnick na Ramon Sender, watunzi wa San Francisco Tape Music Center. Buchla hakutaka klavie ya piano. Aliweka vibati vya kuguswa kwa vidole, kwa sababu aliona kwamba chombo kipya hakilazimiki kupigwa kama cha zamani. Katika mashini zake za mfululizo wa 200, zilizoanza mwaka wa 1970, oktava moja ni volti 1,2. Naye alikuwa na sababu: oktava ina nusu toni 12, kwa hiyo kila nusu toni inapata volti 0,1 kamili.

Hakuna aliyekosea kati yao. Shida inaanza siku ambayo mpigaji anachukua waya kutoka kwa Buchla na kuuchomeka kwa Moog. Anapanda oktava moja upande wa kwanza, lakini upande wa pili zinapanda nusu toni 14,4. Wimbo wa kawaida unapotoka tangu nota ya pili. Akigeuza waya, oktava ya Moog inakuwa nusu toni 10 tu kwa Buchla.

Wengine waliongeza hesabu zao. Sintetiza VCS3 ya kampuni EMS ya London, iliyotoka mwaka wa 1969, inatumia karibu volti 0,32 kwa oktava. Korg MS-20 ya Japani, ya mwaka wa 1978, inafuata kanuni nyingine kabisa: kila oktava inazidisha volti mara mbili, yaani 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8.

Dawa ipo, lakini si moja

Kutoka Buchla kwenda Moog, fundi anaweza kupunguza volti kwa rezistansi mbili tu. Moja ya kilo-omu 20 inakaa kwenye njia, nyingine ya kilo-omu 100 inashuka kwenye masa. Volti 1,2 inatoka ikiwa volti 1. Lakini mashini inayopokea nayo inavuta umeme kidogo na kuharibu hesabu, ndiyo maana mafundi makini wanaweka katikati kisanduku kidogo chenye umeme wake.

Kutoka Moog kwenda Buchla, rezistansi peke yake haisaidii. Inahitajika saketi ya kukuza volti. Kwa Korg ya zamani ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu kule volti hazijumlishwi, zinazidishwa.

Tena kuna suala la kuanzisha nota. Mashini nyingi zinaanza kulia volti inapopanda. Moog za zamani zinangoja kinyume chake: waya uguse masa ndipo zilie. Mtu asiyejua jambo hilo anaweza kufikiri kwamba chombo chake kimekufa, kumbe ni kizima.

Fishi nazo zina mtego wake. Buchla na Serge Tcherepnin, aliyeanza California katika miaka ya 1970, walichagua fishi ya banana, yenye waya mmoja tu ndani. Ni rahisi, kwani fishi moja inaweza kuchomekwa juu ya nyingine. Lakini mashini mbili zisizo na masa ya pamoja hazitaelewana hadi waya wa pili uunganishe masa zao.

Joto halimwachi mtu

Hata hesabu zikilingana, hali ya hewa inaweza kuzivuruga. Transista inayogeuza volti kuwa nota inayumba kwa karibu asilimia 0,33 kwa kila digrii moja ya joto, isipowekewa kinga. Katika umbali wa oktava tatu, chumba kikiongezeka joto kwa digrii 5 tu, nota inahama kwa zaidi ya nusu toni moja ukigawa kwa mbili. Ndiyo maana wazoefu wanawasha mashini nusu saa kabla ya kuipima. Kisha wanapiga nota ya chini, wanapiga ya oktava mbili juu, wanarekebisha kwa bisibisi, na wanarudia hadi zote mbili zitulie.

Mkataba na gharama yake

Katikati ya miaka ya 1990, Mjerumani Dieter Doepfer alileta mfumo wa A-100. Volti 1 kwa oktava, fishi ndogo ya milimita 3,5, umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi. Mafundi wengine wengi walifuata vipimo vyake, na mfumo huo leo unaitwa Eurorack. Visanduku vya mafundi tofauti vinakaa katika kabati moja bila ugomvi. Hata hivyo, hapo moshi unaweza kutoka kweli: mstari mwekundu wa waya wa umeme unakaa upande wa volti 12 hasi, na anayeugeuza anaweza kuunguza kisanduku alichokinunua kwa mamia ya dola.

Bado kuna wanaobaki nje ya mkataba. Mmarekani Peter Blasser, kwa jina la Ciat-Lonbarde, anatengeneza vyombo vya mbao vyenye fishi za banana, na havikuwekwa sawa na volti 1 kwa oktava. Cha kwake kiitwacho Sidrax kinapigwa kwa kukandamiza vipande vya mbao. Anayekitaka kifuate piano atachoka. Anayekisikiliza anapata nota ambazo piano haina.

Mkataba umewapa wapiga sintetiza urahisi wa kuchanganya vyombo. Lakini kama Buchla angekubali hesabu na klavie ya Moog tangu siku ya kwanza, ile njia ya pili isingekuwepo. Kwa anayetaka kununua, yabaki maswali matatu kabla ya kutoa pesa: volti ngapi kwa oktava, nota inaanzishwa namna gani, na masa inaunganishwa wapi. Muuzaji asiyeweza kuyajibu, afadhali pesa zibaki mfukoni.