Ukishuka Bandarini Peke Yako

Ukijaliwa kusafiri kwa meli ya matembezi pwani ya Alaska, usidhani ni lazima ununue kila matembezi yanayouzwa melini. Bandari nyingi zaweza kutazamwa kwa miguu. Huko Ketchikan, Creek Street, mtaa uliojengwa juu ya nguzo kijitoni, si mbali na gati. Skagway, walikopita watafuta dhahabu mwaka 1898, ni mji mdogo, hutapotea. Huko Juneau, basi la mji litakusogeza karibu na mto wa barafu wa Mendenhall, kisha utembee kilometa mbili na zaidi.

Lakini angalia saa! Waliotembezwa na meli wakichelewa, kwa kawaida hungojewa. Wewe hungojewi. Tena Juneau na Ketchikan hazina barabara ya kwendea miji mingine. Utafuata meli kwa ndege au kwa chombo kingine, kwa fedha zako. Basi linganisha saa yako na ya melini, chukua pasipoti, na urudi saa nzima mapema. Mwenda pole hajikwai, ila aanze safari ya kurudi mapema.