Neno Moja, Mizigo Mingi

Katika Kiingereza yako maneno ambayo kila kazi hulitumia kwa maana yake. Leo tulitazame moja, nalo ni "charge". Mwanafunzi hulikuta katika elimu ya umeme, mwenye duka huliandika katika hati ya madai, karani wa mahakama hulisoma mbele ya hakimu, na mwenye shamba huliona katika karatasi anayotakiwa kutia sahihi. Huyu wa mwisho asipolielewa, aweza kupoteza shamba lake.

Tuanze na asili yake. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao walilirithi kutoka Kilatini, ambamo "carrus" ni gari la kukokotwa. Basi maana ya kwanza ilikuwa kupakia gari. Tulishike neno "mzigo", maana ndilo litakalotuongoza.

Bunduki za zamani zilishindiliwa baruti kila mara kabla ya kupigwa. Kipimo kile cha baruti kiliitwa "charge", yaani mzigo wa bunduki. Katika karne ya 18, wataalamu walipojifunza kuhifadhi umeme katika chupa ya Leiden, iliyobuniwa miaka ya 1745 na 1746, waliitumia lugha hiyo hiyo: chupa hujazwa umeme, kisha huutoa kwa kishindo. Ndipo nasi leo twasema kuchaji simu. Wanafizikia wamekwenda mbali zaidi, nao husema kwamba elektroni ina chaji hasi na protoni chaji chanya. Hapo hakuna kitu kilichopakiwa. Ni tabia ya chembe yenyewe.

Dukani "charge" ni bei, yaani mzigo wa fedha anaotwikwa mnunuzi. Hospitalini, muuguzi aliye "in charge" amebeba mzigo wa madaraka. Mahakamani ni shtaka. Hapo watu wengi hukosea, kwa kuwa mtu aliyesomewa shtaka ametwikwa tuhuma tu; hatia bado haijathibitishwa.

Sasa tufike shambani. Katika sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1925, na katika Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka wa 2012, "charge" ni deni lililowekwa juu ya ardhi. Mkopaji hubaki na shamba lake, hulima na kuvuna, lakini shamba lenyewe limekuwa dhamana. Huko Kenya, asipolipa, mkopeshaji humpa ilani ya maandishi ya muda usiopungua miezi mitatu. Akitaka kuliuza shamba, sharti atoe ilani nyingine ya siku zisizopungua 40. Na ikiwa mali hiyo ni nyumba ya ndoa, mwenye mali na mwenzi wake akaaye humo sharti wote watie sahihi, au hati ioneshe kwamba wote wameridhia; la sivyo dhamana hiyo si halali.

Hatari iko katika kufanana. Karatasi ile ile ya benki yaweza kuwa na "charges", yaani ada za kazi ya benki, na mistari michache chini yake "charge" juu ya ardhi. Mtu aliyelizoea neno hili dukani atadhani yote mawili ni malipo madogo, atie sahihi, arudi nyumbani.

Kwa hiyo, kila mkutapo neno hili, ulizeni maswali matatu: Nani anayetwika? Ametwika nini? Na nani, au nini, kinachobeba? Dukani abebaye ni mfuko wa mnunuzi. Mahakamani ni mshtakiwa. Katika simu ni betri. Ikiwa jibu ni shamba, msitie sahihi siku hiyo. Ichukueni karatasi nyumbani, mkaisome pamoja na mume au mke, kisha mkamwulize mtu ajuaye sheria.