Sipre bila ndege: namna tunavyotunza miti ndiyo inaamua nani ataishi msituni



Ingieni katika shamba la sipre lililopandwa kwa kubanana, lenye miaka kumi hivi, msimame kidogo. Chini ni giza. Majani makavu yamefunika udongo kama mkeka, hakuna nyasi, hakuna ua hata moja. Ndege ni wachache, nyuki hawaonekani. Halafu vukeni kijito, muingie kipande cha msitu wa zamani kilichobaki bondeni. Huko kuna matunda, mbegu, matundu ndani ya miti mizee, na kelele za kila namna. Yote mawili tunayaita msitu. Lakini kwa mnyama, huku kuna chakula na kitanda, kule kuna kuta tupu.

Jambo hili linatugusa sisi wa milima ya Rurambo. Tunahitaji mbao, miti ya kujengea, kuni na makala. Watoto wanasoma kwa pesa ya mbao. Hakuna anayesema muache kupanda sipre na pinusi. Tunachosema ni hiki: namna mnavyopanda, mnavyopunguza na mnavyokata ndiyo itakayoamua nani ataishi humo. Na baadhi ya hao wakaaji wanafanya kazi kwenye mashamba yenu bila kulipwa.

Mgeni na mwenyeji

Sipre tunayopanda asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Pinusi patula nayo ilitoka Meksiko. Lakini msidhani milima yetu haikuwa na miti ya ukoo huo. Podo ni ndugu yao. Ni mti wa mbao nzuri, wenye majani membamba na marefu kidogo, na mzee yeyote wa kijiji anaujua kwa jina la lugha yake. Unaota katika misitu ya milima toka kwetu mpaka Kenya, na kushuka mpaka Afrika ya Kusini.

Tofauti iko kwenye mbegu. Mbegu za sipre zimefungwa ndani ya koni ngumu kama ubao, na upepo ndio unazisambaza. Mbegu ya podo ina nyama laini ambayo wanyama wanaipenda. Njiwa wa milimani, turako (yule ndege mkubwa anayeonyesha wekundu wa mabawa akiruka) na kima wanaila, kisha wanaiangusha mbali na mama yake. Podo inalisha wanyama, wanyama wanapanda podo.

Na kuna jambo ambalo wapasua mbao wengi hawalijui: podo kuna dume na jike. Jike peke yake ndiyo inazaa mbegu, na lazima dume iwe karibu. Mkikata dume zote za bonde moja, jike zitabaki zimesimama bila kuzaa kitu. Mkikata jike zote, hali ni ileile. Podo inakua polepole sana. Inayopasuliwa leo ilianza kuota kabla ya babu zetu. Kwa hiyo kabla ya kutia msumeno, muulize kwanza: hii ni dume au jike, na zimebaki ngapi?

Itombwe ni jirani yetu

Watu wanaojifunza wanyama wanaijua milima ya Itombwe dunia nzima. Mwaka 1951, mahali panapoitwa Muusi, alipatikana bundi mdogo ambaye wataalamu hawakuwa wamemuona popote. Ikapita miaka 45 bila mtaalamu kumshika tena, mpaka mwaka 1996, aliponaswa mmoja katika wavu, akiwa hai, humohumo Itombwe. Katika misitu hiyo kuna pia sokwe wakubwa, wale gorila wa mashariki ya Kongo, pamoja na sokwe wa kawaida. Ndiyo sababu serikali ilitangaza Hifadhi ya Itombwe mwaka 2006.

Wanyama kama hao hawatahamia kwenye sipre. Hakuna sipre inayoweza kuchukua nafasi ya msitu wa zamani, hata mukiitunza vipi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni rahisi: pandeni sipre na pinusi kwenye malisho yaliyochoka na vilima vilivyo wazi, si kwenye msitu mliokata ili mpate nafasi. Shamba la sipre likitoa kuni na mbao, msitu unapumzika. Likichukua mahali pa msitu, tumepoteza kitu ambacho hakirudi.

Yaliyotokea Kibale, Uganda

Je, shamba la miti ya kigeni linaweza kuwafaa wanyama hata kidogo? Ndiyo, na mfano uko Kibale, magharibi ya Uganda. Zamani serikali ya huko ilipanda pinusi na sipre kwenye vilima vya majani, pembeni ya msitu wa asili. Wataalamu walipochunguza chini ya miti hiyo, wakakuta miti ya asili imeota yenyewe, mingi tu. Nani aliipanda? Ndege, nyani na wanyama wengine waliopita wakitoka msituni, wakiwa na mbegu tumboni. Kibale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na katika miaka hiyo pinusi zikaanza kuvunwa. Miti michanga ya asili iliyokuwa chini ikapata nafasi ya kupanda juu.

Lakini tuangalie vizuri juu ya nini ilifaulu. Msitu wa asili ulikuwa karibu. Wanyama wa kubeba mbegu walikuwepo. Na miti ya chini haikufyekwa wala kuchomwa kila mwaka. Pakikosekana moja kati ya hayo matatu, chini ya pinusi kunabaki majani makavu tu.

Faida kwa mkulima

Mtasema: ndege na bundi watanipa nini? Tuanze na panya. Panya wanakula mahindi shambani na maharagi ghalani. Bundi anakula panya. Watu wengi wanamuua bundi kwa kuogopa kwamba analeta kifo, kumbe wanaua mlinzi wa ghala. Na bundi wengi wanazalia katika tundu la mti mzee. Sipre changa hazina matundu. Mkikata kila mti mzee na kila mti uliokaukia wima, mmemfukuza.

Halafu kuna ndege wanaokula viwavi, na nyuki wanaosaidia maharagi na maboga kuzaa. Wote wanataka maua, vichaka na mwanga. Shamba lenye giza halina hayo.

Na kuna hatari ya kupanda aina moja tu. Mwaka 1986 chawa mdogo wa sipre alionekana Malawi. Kufika 1990 alikuwa ameingia Kenya, na sipre nyingi zikakauka. Mwenye sipre peke yake alipata hasara yote kwa pamoja.

Hatuwafichi ubaya nao. Kima wanaweza kuingia shambani. Kule Kenya wanabandua maganda ya sipre na pinusi, na mti unaharibika. Kwa hiyo vipande vya matunda ya porini viachwe bondeni na pembeni ya msitu, si katikati ya mahindi.

Mambo sita ya kufanya

1. Nafasi. Kwa sipre ya mbao, pandeni mita 2.5 kwa 2.5. Hiyo ni miti 1,600 kwa hekta.

2. Kupunguza. Miti ikianza kushikana juu, toeni ile myembamba na iliyopinda. Mtauza miti ya kujengea mapema, iliyobaki itanenepa, na mwanga utafika chini. Msipopunguza, mtapata fito badala ya mbao.

3. Kijito. Acheni ukanda wa miti ya asili, kama hatua 20 kila upande wa maji. Wanyama wanapita humo kama sisi tunavyopita barabarani, na udongo hauteremki.

4. Wazee. Katika kila kipande, acheni miti mizee michache na miwili au mitatu iliyokauka. Isiwe karibu na njia wala nyumba, isije ikaangukia mtu. Podo za mbegu, dume na jike, zitiwe alama ya rangi ili kila mpasua mbao azitambue.

5. Kukata kwa zamu. Msikate kilima kizima mwaka mmoja. Gawanyeni vipande, mkate kimoja, wanyama wahamie kingine.

6. Moto na ng'ombe. Majani makavu ya pinusi yanawaka haraka. Wafugaji na wenye miti wakae pamoja, wapange njia ya ng'ombe na mstari wa kuzuia moto kabla ya kiangazi. Miche ya chini ikichomwa, kazi ya ndege imepotea.

Sheria iko upande wenu

Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake rasmi, mpaka hekta 50,000. Haki hiyo ni ya jamii yote, si ya koperative peke yake, lakini koperative yenye daftari na mpango wa kukata inaweza kuisaidia jamii kuomba. Kwa msitu wa jamii, wakati wa kuamua ni kabla podo hazijaisha.

Katika mkutano wenu ujao, chagueni watu watatu: mzee anayejua majina ya miti, mpasua mbao, na mfugaji. Wapite mabonde yote, wahesabu podo zilizobaki, waandike dume ngapi na jike ngapi. Hesabu hiyo haina gharama. Muisome mbele ya wanachama wote kabla ya mtu yeyote kupewa ruhusa ya kukata.