Pesa ya bidoni inaenda wapi?

Wengi mnakumbuka miezi ile mitatu robine ya kartie yetu ilipofungwa. Chemchemi ilikuwa na maji, bomba lilikuwa zima. Kilichoharibika ni vali moja tu, lakini komite ilipofungua sanduku haikukuta hata franka ya kumlipa fundi. Na sisi tulikuwa tumelipa kila siku, bidoni kwa bidoni! Tukarudi mtoni na watoto wetu, na kuhara kukaingia nyumba kwa nyumba.

Tulipouliza pesa ilienda wapi, hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu hakukuwa na kaye. Muuzaji alipeleka jioni alichokuwa nacho, mkubwa wa komite akapokea bila kuandika. Matanga yakachukua kidogo, kupokea wageni kukachukua kingine. Muuzaji mwenyewe hakuwa na mshahara. Tusimlaumu sana: mtu mwenye njaa anayeshika pesa ya wengine, atakula nini?

Sasa tunafanya hivi. Kila robine ina kontere, kile kipimo kinachohesabu maji. Meta kibu moja ni litri 1000, yaani bidoni 50 za litri 20. Mama mmoja anasoma kontere asubuhi, mwingine anaisoma jioni. Ikiwa imeongezeka meta kibu 6, bidoni 300 zimetoka. Kwa franka 50 kila bidoni, sanduku lipate franka 15 000. Ikipungua kidogo, ni maji ya kuoshea bidoni. Ikipungua sana, kuna bomba linalovuja, au mkono unaovuja. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza, na kwetu ndiye anayeisahihisha.

Hatukuivumbua sisi. Pembezoni mwa Kinshasa, mahali ambapo mabomba ya REGIDESO hayafiki, kuna mashirika ya watumiaji wa maji yanayoitwa ASUREP. Watumiaji wanachagua wajumbe wao, wafanyakazi wanalipwa kwa pesa ya maji yaliyouzwa, na sehemu inawekwa kwa ajili ya matengenezo. Tena sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kazi ya maji ya kunywa mikononi mwa majimbo na serikali za mahali. Kwa hiyo tukienda kwenye ofisi ya sheferi au ya komine kuuliza habari za robine, hatuombi msaada. Tunauliza kazi yao.

Wako wanaosema maji ni ya Mungu, kwa nini tulipe? Maji ni ya Mungu, ndiyo, lakini vali inauzwa sokoni. Kwa wajane na wazee wasio na kitu tulikubaliana bidoni mbili za bure kila siku, na zinaandikwa katika kaye kama zingine.

Jambo gumu lilikuwa komite yenyewe. Walitaka mama wafagie kando ya robine na kuuza, baba washike kaye. Tulikataa. Leo mtunza sanduku ni mama, na pesa haitoki bila sahihi mbili. Kila Jumapili hesabu inabandikwa ukutani karibu na robine.

Juma hili sanduku limepungukiwa franka 2 400. Bado tunatafuta, na muuzaji anatafuta pamoja nasi.