Jina la Zamu

Milima ya Rwenzori imejaa majina ya wapita njia. Kuna Stanley, kuna Baker, kuna Speke ambaye hata hakuikanyaga. Mwaka 1906 Mwitalia Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Savoia, alifika juu kabisa, mita 5,109, akakipa kilele jina la malkia wao Margherita. Na mlima mmojawapo leo unaitwa Luigi di Savoia, yaani yeye mwenyewe.

Wakonzo wanaoishi chini ya vilele hivyo, kuanzia Kasese mjini, Uganda, hadi Bwera karibu na mpaka wa Kongo, hawagawi majina namna hiyo. Mtoto wa kwanza akiwa wa kiume ni Mumbere. Akiwa wa kike ni Masika. Nyuma yao, kila mmoja kwa zamu yake, wanakuja akina Bwambale, Masereka, Kule, Thembo na Mbusa, na kwa wasichana akina Biira, Kabugho, Mbambu na Ithungu. Vuka mpaka pale Mpondwe uingie Kasindi kwa ndugu zao Wanande, utakuta Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo. Mwalimu akiita Bwambale darasani, vichwa kadhaa vinainuka. Omusinga wa Rwenzururu mwenyewe, yaani mfalme wao, Charles Wesley Mumbere, ana jina la Kikonzo analoweza kuwa nalo mbeba mizigo yeyote wa soko la mpakani. (Hayo mawili ya mbele ni ya mtunzi mashuhuri wa tenzi wa Uingereza.) Na Dayosisi ya Rwenzori Kusini ilipoanzishwa mwaka 1984, askofu wake wa kwanza alikuwa Zebedee Masereka: jina linalosema zamu yake ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mahubiri ya Kikristo ya kujikana yalipofika huku, yaliwakuta watu ambao kabla ya kusema “mimi” walikuwa wameshaambiwa nafasi yao nyumbani. Sisemi kwamba Mkonzo hana majivuno. Mzaliwa wa kwanza anajua sana kuwa ni wa kwanza. Ila mtu akijiita, anawataja na nduguze.

Mahubiri hayo yaliletwa na Walokole, watu wa uamsho. Chanzo chao husimuliwa hivi: mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakiwa wamechoka rohoni, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho uliowaka Gahini miaka iliyofuata ulifika Kigezi, Ankole na Buganda, ukaenea Afrika Mashariki nzima. Uzito wake haukuwa kelele. Ulikuwa desturi ya kukaa pamoja, watu wa kawaida bila kuhitaji padri wala kasisi, na kusema mbele ya wenzako ulichokificha: deni ulilolikana, jirani uliyemsengenya, mali uliyoichukua. Kisha unairudisha. Waliita hilo kutembea nuruni. Mkulima aliweza kumkemea mwalimu, mke akasema mbele ya mumewe, na wamisionari Wazungu wakakiri mbele ya Waafrika kiburi cha rangi yao. Nadhani hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote.

Anayesoma vitabu vya tafakuri ya Kikristo hufikiri kwamba umimi huvuliwa upwekeni, katika chumba kimya. Lakini hata wazee wa jangwani kule Misri, karne ya 4, hawakumwachia mtu nafsi yake aipime mwenyewe. Mwanafunzi alimfungulia mzee mawazo yake yote, hata ya aibu. Walokole walifanya jambo lilelile, ila mzee alikuwa kundi zima, na jangwa lilikuwa sebule au kivuli cha migomba. Kimya kilikuwapo pia, kile kinachofuata mtu akishamaliza kukiri, kabla wenzake hawajaanza wimbo wa kumshukuru Mwokozi, Tukutendereza. Mimi naona kazi yenyewe hufanyika katika kimya hicho kifupi.

Ugonjwa wa njia hii unajulikana. Ushuhuda hunoga kwa kurudiwa, dhambi za zamani zikakua kidogo kila mwaka, na mnyenyekevu akawa bingwa wa unyenyekevu. Baadaye Uganda ilishuhudia Walokole wakigawanyika, Wazukufu, yaani walioamka, wakidai wenzao wamelala.

Upo ugonjwa mwingine ambao sijaona ukitajwa sana kwenye ushirika. Mtu anaweza kuua “mimi” yake Jumapili akabaki na “sisi” isiyoguswa. Novemba 2016 Kasese iliona mapigano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa ufalme, na zaidi ya watu 100 waliuawa. Wilayani humo kuna Wakonzo, kuna Wasongora, kuna wanaosema walinyang’anywa ardhi. Juni 2023 wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwa msiba wa namna hiyo Walokole wa Bwera wanajua la kufanya: wanakuja, wanakaa chini na wafiwa, hawana haraka ya kusema. Ila kwa mauaji yale ya 2016 desturi yao haina mahali pa kuketi. Ukoo hausimami kutoa ushuhuda, jeshi halirudishi kilichochukuliwa, na ufalme hauna ndugu wa kuuambia wazi kwamba umekosa.