Darubini, kiweko na stendi: maneno ya kuchagulia kifaa cha kutazamia nyota

Mwalimu wa fizikia katika kata ya Ruhembe, wilayani Kilosa, akiandika barua ya kuagiza "darubini na stendi yake", anaweza kuletewa kimojawapo kati ya vifaa vitatu bila muuzaji kuonekana amekosea: cha kutazamia nyota, cha kutazamia vijidudu, au cha macho mawili kinachobebwa na watalii wa Mikumi. Hata akiletewa cha nyota, neno stendi halimkingi dhidi ya miguu myembamba inayotikisika kwa upepo mdogo. Fedha za michango zikishalipwa, maneno ya barua ndiyo yanayobaki kuwa ushahidi wa kilichoombwa. Makala haya yanafafanua maneno yanayohitajika ili mwenye kununua, mwenye kufundisha na mwenye kufasiri wamaanishe kitu kimoja.

Darubini (nomino, ngeli ya I-/ZI-)

Asili ya neno ni Kiajemi: *dur*, mbali, na *bin*, kuona. Kwa asili hiyo, darubini ni kionambali. Kifaa cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho huitwa *hadubini* katika Kiswahili sanifu. Hata hivyo, katika zahanati na katika habari za afya ni kawaida kusikia kwamba malaria imepimwa kwa darubini. Mfasiri anayenukuu mazungumzo hana haja ya kumsahihisha msemaji. Anayeandika hati ya ununuzi lazima atenganishe maneno haya. Kifaa cha watalii kiitwe *darubini ya macho mawili*.

Darubini ya lenzi na darubini akisi

Darubini ya lenzi hukusanya nuru kwa lenzi iliyo mbele ya bomba. Aina ya pili hukusanya nuru kwa kioo kilichobonyea kilicho mwisho wa bomba. Wengine huiita "darubini ya kioo", lakini *kioo* kwa Kiswahili ni bilauri ilivyotengenezwa, ni dirisha, na ni kile cha kujitazamia. Lenzi nayo ni kioo. Istilahi *darubini akisi*, kutokana na kitenzi akisi, haina utata huo.

Tofauti hii ina uzito kwa anayesafirisha kifaa. Darubini akisi hutoa kipenyo kikubwa kwa bei ndogo zaidi, lakini vioo vyake vikitikiswa sana kwenye bodaboda huweza kuhama kidogo, na hulazimu kurekebishwa kwa skrubu. Darubini ndogo ya lenzi huvumilia zaidi safari.

Kipenyo na ukuzaji

Matangazo hupenda kitenzi *kuza*: "hukuza mara 500". Sifa ya kwanza ya darubini, hata hivyo, ni *kipenyo*, yaani upana wa lenzi au kioo kinachopokea nuru. Kipenyo cha milimita 130 hukusanya nuru karibu mara tatu na nusu ya kile cha milimita 70. *Ukuzaji* hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya milimita 650 ikiwekwa lenzi ya jicho ya milimita 25 hukuza mara 26, kiasi kinachotosha kukionyesha Kilimia chote kwa pamoja. Ikiwekwa ya milimita 10 hukuza mara 65, na pete za Zohali huonekana zinapokuwa zimeinama kuelekea duniani. Kwa kawaida, ukuzaji unaozidi mara mbili ya kipenyo katika milimita huleta ukungu tu. Kwa hiyo darubini ya milimita 70 inayotangazwa kukuza mara 500 inaahidi zaidi ya mara tatu ya uwezo wake.

Kiweko (nomino, ngeli ya KI-/VI-)

Neno *stendi* hufunika vitu viwili: miguu mitatu inayosimama ardhini, na sehemu ya juu inayoshika bomba na kuliwezesha kugeuka. Sehemu hii ya pili yafaa iitwe *kiweko*. Kutenganisha ni muhimu, kwa sababu darubini inayokuza mara 65 hukuza na kila mtikisiko mara 65. Bomba zuri juu ya kiweko kilicholegea halionyeshi kitu.

Viweko ni vya aina mbili. Cha kwanza hugeuka kulia na kushoto, kisha juu na chini. Cha pili kina mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga ili kufuata mwendo wa nyota, na hapa ndipo mfasiri hutegwa. Akikiita "kiweko cha ikweta", msomaji wa Afrika Mashariki atadhani kimetengenezwa kwa ajili ya nchi zilizo karibu na ikweta. Sivyo. Jina latokana na ikweta ya anga, duara la kufikirika linalopita juu ya ikweta ya dunia. Ruhembe iko takriban nyuzi 7 na nusu kusini. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi hizo hizo tu juu ya upeo, na kilima au mti huweza kuificha. Mhimili hulazimika kulazwa karibu sawa na ardhi, na viweko vingi vya bei nafuu haviinami kiasi hicho, au uzani wake hugonga miguu. Basi istilahi salama zaidi ni *kiweko cha ikweta ya anga*, na kwa mwanafunzi wa Ruhembe chaguo salama zaidi ni aina ya kwanza.

Aina hiyo ya kwanza ina umbo la sanduku lililoenezwa na John Dobson wa Marekani, nalo huitwa *kiweko cha Dobson*. Kile kidogo cha kuwekwa mezani, pamoja na bomba la milimita 130, kina uzito wa takriban kilo 6, na huhitaji meza imara. Nyota itatoka machoni ndani ya dakika chache, hivyo bomba husogezwa kwa mkono.

Mifano ya matumizi

1. Tunaagiza darubini akisi ya kutazamia nyota, kipenyo milimita 130, pamoja na kiweko cha Dobson cha mezani.
2. Miguu ni imara, lakini kiweko kimelegea.
3. Darubini ifunikwe miwa inapochomwa, majivu yasiangukie kioo.
4. Darubini isielekezwe kwenye jua bila *kichujio* cha jua kilichofungwa mbele ya bomba. Kuliangalia bila hicho huweza kupofusha papo hapo.